Ambulensi Tanga: mitaa kwanza, vifaa baadaye

Wiki hii wengi walioniandikia ni wauguzi wanaohamia huku, nawajibu hapahapa.

Nahamia Tanga kutoka Mwanza, nimepangiwa ambulensi. Nisome nini kabla ya kuripoti?

Soma mitaa. Kubonyeza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika ushafundishwa chuoni, ila Ngamiani huijui. Barabara za pale zinaitwa kwa namba, mgeni anaona rahisi, kumbe mtu anapiga usiku anasema tuko barabara ya 12 nyumba nyeupe karibu na msikiti halafu anakata simu, sa hiyo nyumba nyeupe ni ipi? Mi mwezi wangu wa kwanza tulizunguka Makorora mara mbili na king'ora juu, kumbe mama wa watu yuko dirishani anapunga kanga na sisi tumekodoa macho mbele tu, tulivyofika mtoto midomo ishakuwa ya bluu. Alipona, ila zile dakika mpaka leo zinaniuma. Tafuta baiskeli, Tanga ni mji wa baiskeli, jioni zunguka Chumbageni, Mikanjuni, Sahare, mpaka Kange. Na nyie wenyeji msikate simu jamani, mtu mmoja atoke barabarani awashe tochi.

Leseni yangu ya uuguzi nibadilishe nikihama mkoa?

Hapana, ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya nchi nzima, we angalia tu isiishe muda.

Wife ana mimba kubwa, tunakaa Pongwe, usiku nipige wapi?

115, ni bure, ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandike leo ukutani, usisubiri uchungu. Akitoka damu au kichwa kikimuuma sana na macho hayaoni vizuri, piga hapohapo, usimuulize jirani.

Mtu akianguka kifafa tumuwekee kijiko mdomoni?

Hili nimelijibu mara ngapi? HAPANA. Kijiko kinavunja meno, na jino linaweza kuziba njia ya hewa. Ondoa vitu vigumu pembeni, mlaze ubavu, angalia saa, ikipita dakika 5 anatetemeka bado, hiyo ni hospitali.

Ajali ya bodaboda, si bora tumpakie mshikaki tuwahi hospitali ya Bombo?

Hii ndo inaniumiza kuliko zote. Mtu shingo imeumia nyie mnamkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kinayumba kila shimo. Damu inatoka? Kandamiza na kitambaa, usiachie kila saa kuchungulia. Kama gari la wagonjwa liko mbali tafuteni pikapu alale chali, mmoja ashike kichwa kisicheze. Na madereva vaeni helmeti, iliyoning'inia kwenye usukani haisaidii kitu.

Wagonjwa wa huku wakoje, wanasumbua?

Hawasumbui, wanaficha. Unamwamkia mzee shikamoo, marahaba mwanangu, hujambo mzee? Sijambo. Na jasho linamtiririka, mkono uko kifuani. Hiyo sijambo ni adabu tu, sio majibu ya daktari. Kaa chini usawa wake, umuulize kinabana wapi, tangu saa ngapi, na mkono wa kushoto je.