Kamera ya intaneti kwa duka la Uyole

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kama ununue kamera ya intaneti ya kuangalia duka ukiwa shambani Tukuyu, nawe unahofia kuchunguzwa na watu usiowajua. Nunua, lakini siku hiyohiyo badilisha nywila iliyokuja nayo, kwa sababu mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, ruta (vifaa vinavyogawa intaneti nyumbani au dukani) na vifaa vya namna hiyo kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Mimi hapa Iringa ninayo moja juu ya mlango wa ghala la mahindi. Usiku mmoja wa Juni simu ilitetemeka, nikamwona ng'ombe wa jirani akisukuma mlango kwa pembe, nikamuwahi kabla komeo halijang'oka. Umeme ukikatika, hata hivyo, ruta huzimika, kwa hiyo tafuta betri ya akiba, na uweke memori kadi ndani ya kamera ili iendelee kurekodi hata mtandao ukipotea. Masasisho ya programu usiyaahirishe. Kuhusu chumba wanacholala watoto, nakusihi sana, usiweke kamera humo kabisa.