Jibu: Chuma kilichonyooka au cha zigizaga?

Mkuu, umesema ukikunja mikono kupiga bisepsi (msuli wa mbele wa mkono, juu ya kiwiko) kwa chuma cha uzito kilichonyooka, kifundo cha mkono kinauma upande wa kidole cha mwisho, ukauliza kama uhamie cha zigizaga, kile kilichopindapinda pa kushikia. Hamia. Kilichonyooka kinalazimisha viganja vitazame juu kabisa, na wengi wetu mikono haifiki huko bila kujikunja. Cha zigizaga kinaviacha vielekeane kidogo, kifundo kinapumua. Bisepsi inapungukiwa kidogo tu kwa sababu ndiyo inayogeuza kiganja kitazame juu, ila msuli ulio chini yake na wa kigasha unabeba zaidi. Mimi niling'ang'ania kilichonyooka kwa ubishi mpaka kufungua chupa ya maji ikawa kazi.

Usilinganishe uzito kwa kuhesabu sahani za uzito peke yake: chuma kirefu kilichonyooka cha Olimpiki kwa kawaida kina kilo 20, cha zigizaga mara nyingi ni kama nusu yake.

Kujivuta juu ukining'inia kwenye bomba ni habari nyingine. Bomba lililonyooka linatosha, shika upana wa mabega au zaidi kidogo. Lenye ncha zilizoinama linasaidia ukishika kwa upana. Kiwiko kikilalamika, tafuta vishikio vinavyofanya viganja vitazamane.