Anti, nasubiri raga kama mtoto anayesubiri Idi

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Tabata, napaka rangi magari gereji. Nilianza kuipenda raga kwenye ile fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini na New Zealand, kwa huku kwetu ilianza saa nne usiku, nilikaa peke yangu sebuleni sauti nimeipunguza nisiamshe watu. Sasa mwisho wa mwezi wa tisa URC, ile ligi ya raga ya timu za Afrika Kusini na Ulaya, inaanza tena na mimi Stormers wa Cape Town ni timu yangu, jezi nimeshaifua nimeitundika, kila nikiamka naiangalia. Shida ni kijiweni. Nikitaja raga wananiambia huo ni mchezo wa kugombania yai, kaa chini tuongee Simba na Yanga. Anti, nitawavutaje hawa watu, au nikubali tu kuangalia peke yangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hapo kwenye jezi nikatabasamu maana nakujua hata kama sijawahi kukuona. Mimi mwenyewe fainali ya 2019 ilinikuta jikoni, Jumamosi saa sita mchana, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, tivii naisikia tu ukumbini. Makazole Mapimpi wa Afrika Kusini akaupiga mpira ukamruka mtu ukadunda mbele, mwenzake Lukhanyo Am akauokota, mstari ule pale, angeweza kwenda mwenyewe akafunga jina likaimbwa lake, lakini akamrudishia Mapimpi. Mimi nimeshasimama mlangoni na kifuu mkononi machozi yananitoka. Afrika Kusini walikuwa hawajawahi kufunga trai, yaani kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, kwenye fainali ya Kombe la Dunia kabla ya ile, na nahodha alikuwa Siya Kolisi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza timu ile. Wali siku ile tulikula saa tisa na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo kwanza huku kusubiri usikuonee aibu. Kufua jezi, kuhesabu wiki, kupanga Jumamosi hiyo nitakula nini, hiyo yote ni raha ya mchezo wenyewe na mimi naona ni nusu nzima. Nunua karanga zako mapema, zile za kukaanga na chumvi, kahawa na kashata viwepo.

La kijiwe sasa. Usikivute chote kwa mkupuo, chukua mtu mmoja tu, yule anayependa kuuliza maswali, na usimpe darasa la sheria. Mpe hesabu ya ile fainali yako. Mwambie New Zealand ndio peke yao waliofunga trai siku ile, trai ni pointi 5, wakapata na penati 2 za pointi tatu tatu, jumla 11. Afrika Kusini hawakufika mstarini hata mara moja ila Handré Pollard alipiga penati 4 zote zikaingia, 12. Halafu ndio umwambie kwamba baada ya trai unapewa mkwaju wa pointi 2 wa kuupitisha mpira katikati ya milingoti, New Zealand wakaupiga kutokea pembeni kabisa ukapita nje. Nyamaza hapo. Mtu wa Dar anayejua uchungu wa penati iliyokoswa dakika za mwisho ataelewa bila kufafanuliwa, na ataanza kukuuliza mwenyewe.

Na saa zinakubeba mwanangu. Afrika Kusini wako nyuma yetu saa moja tu, mechi ya saa nane mchana Cape Town hapa ni saa tisa alasiri, mtu katoka kazini kaoga. Nenda kwa mwenye kibanda umiza wa mtaani kwenu siku ambayo Simba wala Yanga hawachezi, ongea naye mapema kama king'amuzi chake kina kifurushi chenye raga, walipie viti wenzako wawili. Ukiweza chagua Stormers na Bulls wa Pretoria, hao ni watani wa jadi kweli, msimu wao wa kwanza tu kwenye URC walikutana fainali, 2022 Cape Town, Stormers 18 Bulls 13. Utani kijiwe chako kinaujua vizuri sana.

SWALI: Anti habari, mimi ni dada wa Mbagala, kaka yangu anaangalia raga, mbona wanapasiana nyuma tu, mbele wanafikaje?

JIBU: Kwa miguu mdogo wangu. Mkono hauruhusiwi kuupeleka mpira mbele, kwa hiyo ama unakimbia nao umeukumbatia ama unaupiga teke. Angalia anayepokea pasi, utamuona anakuja kwa kasi toka nyuma, akiupata tayari yuko mbioni. Kaa na kaka yako Jumamosi moja, mpelekee na chai.