Jibu: Simu inaita, sauti ni ya upande mmoja, kisha inakatika

Ndugu, kwa maelezo yako Asterisk, programu ya seva inayoendesha simu zenu za intaneti, iko ofisini Westlands na wenzako wako Rongai. Wakipiga simu wanawasikia, nyinyi hamwasikii, na baada ya nusu dakika hivi simu inakatika. Waliokushauri ununue ruta kubwa, waache kwanza. Nimefunga simu za aina hii kwenye ofisi kadhaa hapa mjini, na dalili hizo mbili zikija pamoja mimi huanza na NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani ziwe ya umma.

Asterisk yako haijui kuwa iko nyuma ya ruta. Inapopokea simu, inaandika ndani ya ujumbe wa SIP (lugha ya kuanzisha na kukata simu) kwamba sauti iletwe kwa anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.10. Ni sawa na kumwambia mtu wa boda alete mzigo mlango namba 10 bila kumtajia ploti. Kukatika nako kunatokana na hapo hapo: ACK, ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokelewa, inapotelea njiani, seva inarudia jibu lake, na zikitimia sekunde 32 inakata. Pima kwa saa utaona.

Kabla hujagusa faili lolote, angalia anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa inaanza na 10 ikifuatwa na nukta, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti imekuweka nyuma ya NAT yake yenyewe, na kufungua poti kwako hakutasaidia kitu. Omba anwani tuli ya umma, au hamishia Asterisk kwenye seva ya kukodi. Mimi ningekodi, ila isiwe ya mbali sana, sauti itachelewa.

Kama anwani ni ya umma, nenda pjsip.conf, faili la mipangilio ya SIP ya Asterisk. Kwenye sehemu ya transport jaza external_media_address na external_signaling_address (anwani ya umma), na local_net (mtandao wa ndani). Kwa kila simu iliyo nje ya ofisi weka rtp_symmetric, force_rport na rewrite_contact ziwe yes, direct_media iwe no. Kisha uzime Asterisk na kuiwasha upya, maana mabadiliko ya transport kwa kawaida hayashiki kwa reload, yaani kusoma faili upya bila kuzima. Kwenye ruta elekeza UDP 5060 na poti za RTP (zinazobeba sauti) zilizo kwenye rtp.conf, mara nyingi 10000 hadi 20000. Na nywila ziwe ngumu! 5060 ikiwa wazi, wezi wa dakika za nje ya nchi hawachelewi kubisha.

SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP, izime. Ilibuniwa isaidie, lakini nyingi nilizokutana nazo zinaharibu anwani badala ya kuzirekebisha, na kuna ruta iliyoiwasha tena yenyewe baada ya kusasishwa programu usiku.

Ikiwa bado, fungua sngrep (programu ya kutazama ujumbe wa SIP), wenzako wapige simu, utafute mstari unaoanza na c=IN IP4 kwenye jibu la Asterisk la 200 OK, la kupokea simu. Ukiona 192.168 hapo, kagua tena local_net na external_media_address. Ukiona anwani ya umma na bado hamwasikii, huenda shida ni poti za RTP kwenye ruta.