Vigo 3.0 D-4D inagonga asubuhi: kabla ya kununua nozeli nne, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini)

Mkuu, umeeleza hivi: Hilux Vigo double cabin ya 2008, injini 1KD, gia za mkono, kilomita 240,000. Asubuhi inagonga dakika mbili tatu na kutoa moshi mweupe, ikipata moto inatulia. Fundi anataka ununue nozeli zote nne, na unauliza kama ni lazima na nini kingine kinakuja nyuma yake.

Dalili hizo kweli zinaelekea kwenye nozeli. Ila usitoe hela mpaka gari iunganishwe na mashine ya kupimia, injini ikiwa ya moto, iko sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), AC imezimwa. Zisomwe namba za marekebisho ya nozeli, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kiasi gani, silinda ya 1 hadi ya 4. Ikicheza karibu na sifuri, nozeli hiyo iache ilivyo. Ikivuka 3, iwe ya kujumlisha au ya kutoa, itolewe ikapimwe kwenye benchi. Mara nyingi mbovu ni moja au mbili. Nozeli nne mpya za Denso halisi ni mamilioni ya shilingi, kwa hiyo nusu saa ya kipimo inaweza kukuokolea nusu ya hela hiyo. Nozeli ikibadilishwa, kichwani ina msimbo wa herufi na namba 30 ambao lazima uingizwe kwenye kompyuta ya gari, kwa silinda husika. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, halafu mteja anarudi akisema nozeli mpya inagonga kuliko ya zamani.

Sasa jambo linaloua 1KD nyingi, na ambalo fundi wako hajalitaja: washa. Chini ya kila nozeli kuna washa, pete ndogo ya kuzibia, haizidi sana kifungo cha shati. Kwenye injini hii nozeli zimekaa ndani ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Washa ikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda inapanda hadi humo, inaikaanga oili, na oili inageuka kaboni nyeusi, ngumu, inayomeguka vipande kama ukoko wa ubwabwa ulioungua. Vipande vinateremka kwenye sampu na kuziba wavu wa chujio ambalo pampu ya oili inavutia. Presha inashuka, turbo inaanza kulia, beringi za konrodi zinakwanguka, injini inanoki. Mwenye gari anasema oili alikuwa anabadilisha kila mara, na ni kweli alikuwa anabadilisha. Tatizo ni kwamba haikuwa inafika juu.

Namna ya kukagua: injini ikiwa ya moto na iko sailensi, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kiganja juu. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipiga pu-pu-pu kwa mapigo na harufu kali ya moshi wa dizeli, washa zinavuja. Hata kama haipigi, kwa kilomita 240,000 ningeshusha sampu ya chini, ile ya bati, bila kujadiliana. Mulika chujio na tochi. Ukiona wavu umefunikwa hata robo, litoe. Usilichokonoe na waya likiwa mahali pake, kwa sababu vipande vinaingia ndani ya bomba na vitakwenda mbele. Chujio jipya na gasketi yake ni gharama ndogo mno ukilinganisha na krankishafti.

Ukifungua juu, nunua kabisa: washa 4 za nozeli, sili 4 za nozeli kwenye tapeti kava, washa za bomba la kurudishia dizeli, na gasketi ya kava. Washa ya zamani isichomwe moto ikarudishwa. Najua ni mazoea ya gereji nyingi, lakini hapa haifai. Kazi kubwa ni kusafisha kitako ambapo washa inakaa: kaboni ya unene wa karatasi tu ikibaki, washa mpya itavuja tena. Ziba tundu la chini uchafu usiingie kwenye silinda, na bolti za nozeli zikazwe kwa spana ya kipimo. Bomba la kurudishia dizeli nalo liko ndani ya kava. Likivuja, dizeli inaingia kwenye oili. Kwa hiyo wiki ya kwanza angalia kijiti cha kupimia oili kila asubuhi: oili ikipanda badala ya kushuka, zima gari na ufungue upya. Oili ni lita 6.9 pamoja na filta, na kwa vumbi letu ningebadilisha kila kilomita 5,000.

Washa hizo ningezihesabu kama kitu cha sevisi, kila kilomita 80,000 hivi, siyo kitu cha kusubiri kivuje.

Baada ya hapo, tatizo la pili kwa usumbufu ni vali ya kudhibiti dizeli kwenye pampu (namba ya Toyota 04226-0L010). Dalili zake: sailensi inapanda na kushuka, gari inazima ukiachia mafuta, taa ya injini inawaka na kosa P1229. Badilisha filta ya dizeli kwanza, kisha vali, ambayo ni laki kadhaa. Ukikimbilia pampu ni mamilioni. Vali mpya inataka pampu ifundishwe upya kwa mashine. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaimaliza haraka.

Mkanda wa taimingi: ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha kuubadilisha, inaweza kuzimwa na mtu yeyote bila mkanda kuguswa, kwa hiyo kama huna risiti, hesabu haujabadilishwa. Ubadilishwe pamoja na tenshena na puli yake.

Klachi ya 3.0 ina flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) ya vipande viwili, ndiyo sababu bei yake inashtua. Ikigonga sailensi na kunyamaza ukikanyaga klachi, ukaguzi uanzie hapo. Krosi za propela shafti zipigwe grisi kila sevisi, na sili za ekseli ya nyuma zikaguliwe, maana zikivuja oili inalowanisha bitana za breki.

Anza na namba nne za nozeli na sampu. Ukishapata, weka hapa namba zenyewe pamoja na picha ya chujio kabla hujaagiza nozeli hata moja.