Nikiingia kwenye maonesho ya sanaa, nitazame nini?

Huwa nazunguka maonesho yote kwa dakika kumi, natoka sijaambulia kitu. Tatizo ni nini? (Morogoro)

Unazunguka mno. Chagua picha moja ukae nayo. Tuseme ni ya mtindo wa Tingatinga: sogea hadi uone njia za brashi. Rangi ya nyuma ilipakwa kwanza ikaachwa ikauke, ndipo akaja chui, kisha madoa yake, moja baada ya jingine. Mng'ao ule ni wa rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, maana ndivyo vilivyopatikana kwa bei aliyoimudu. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo kuna familia zinazokula kwa mtindo wake! Ukilijua hilo, picha zile zinazopangwa barabarani hutaziita tena mapambo ya watalii.

Nisiponunua hawatanishangaa?

Hapana, ingia. Pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni, Dar es Salaam, wasanii wana vyumba vyao vya kazi. Piga hodi, salimia, uliza kazi ilianzaje.

Nafundisha baiolojia. Sanaa inanihusu nini? (Lindi)

Inakuhusu sana, mwalimu, tena wewe uliye kwenye mikoa ya mpingo. Chukua kinyago cha Kimakonde kilichochongwa kwa mpingo uende nacho darasani. Ule weusi ni kiini cha mti: seli zilizokufa, zikajaa kemikali zinazouzuia kuoza. Ukanda mweupe pembeni ni mbao changa iliyokuwa bado inapitisha maji, na wachongaji wengine huuacha makusudi. Kiini ni kizito hata huzama majini, na ugumu huohuo ndio unaowafanya watengenezaji wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, huko Ulaya wautafute. Ukinunua, sugua kitako cha kinyago kwa kitambaa chenye maji. Weusi ukitoka, huenda umeuziwa mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.

Nasoma sayansi, historia, riwaya, na vyote vinanitoka kichwani. Nifanyeje?

Soma ukiwa na swali. Mfano: fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, linakadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75. Walijuaje? Kwa majivu ya volkano yaliyo kwenye tabaka za ardhi fuvu lilikopatikana. Ndani yake, sehemu ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo ukilinganisha agoni na potasiamu iliyobaki unapata umri. Nenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ukasome habari za fuvu hilo ukiwa na swali lako daftarini. Utajikuta umeingia kwenye kemia na jiolojia bila kulazimishwa, na kitu ulichokitafuta mwenyewe hakikutoki upesi.

Watoto wangu huchoka haraka makumbusho.

Mpe kila mmoja karatasi na penseli achore kitu kimoja alichokipenda. Nusu saa inatosha, kisha mkanywe soda.