Jokofu la chanjo ni la R600a, madukani kuna R134a: nijaze?

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika halmashauri moja mkoani Kigoma. Jokofu la chanjo la zahanati yetu moja limeacha kupoza, gesi imevuja. Kibati cha nyuma kimeandikwa gesi ya kupozea R600a (isobutani), gramu 60. Huku napata R134a tu, na muuzaji anasema ndiyo salama zaidi kwa kuwa haiwaki moto. Mwenzangu ananishauri nitumie gesi ya kupikia, eti ni kitu kilekile. Pia halmashauri inataka kununua majokofu mawili mapya na nimeulizwa tuchague ya gesi gani. Naomba mwongozo.

JIBU: Ndugu fundi, usijaze R134a humo, na gesi ya kupikia usiiguse kabisa. Kama bado kuna chanjo ndani, mwombe muuguzi azihamishie leo kwenye kasha baridi au kituo cha jirani. Ukishafanya hivyo utakuwa na muda wa kufanya kazi bila haraka.

Muuzaji amesema kweli nusu. R134a haiwaki katika hali ya kawaida, ila usalama wa jokofu hautokani na gesi peke yake. Kompresa, mafuta na waya vyote vimepangwa kwa gesi moja. Kondensa (mabomba ya nyuma yanayotoa joto nje) ikiwa na joto la nyuzi 55, R600a inakuwa na mgandamizo wa takriban bar 8, R134a karibu bar 15. Tena kompresa ya R600a ina silinda kubwa, kwa sababu mvuke wake una msongamano mdogo kuliko wa R134a. Ukiipa R134a, mota inabeba mzigo ambao haikuundiwa: itapata moto, kinga itakata umeme, itawaka tena, itakata tena, mpaka waya za ndani ziungue. Halafu kuna mafuta. Kompresa nyingi za R600a zina mafuta ya madini, nayo hayachanganyiki na R134a. Yatatoka na gesi, yatakwama kwenye mabomba ya kupozea, na kompresa itabaki kavu. Jokofu linaweza kuonekana zima siku ukiliacha, kisha likafa usiku na chanjo zimo.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani kwa viwango vinavyobadilika. Imetiwa kemikali ya harufu yenye salfa, na inaweza kuwa na unyevu. Isobutani ya majokofu imesafishwa na kukaushwa. Unyevu kidogo tu ukigandia kwenye kapilari, yaani bomba jembamba la kupitisha gesi, jokofu limeziba.

Sasa kuhusu moto, maana hofu hiyo ina msingi. R600a huanza kuwa hatari inapofikia takriban gramu 43 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5. Gramu zako 60 zote zikivuja na kusambaa, unapata chini ya gramu 3 kwa kila mita ya ujazo, mbali sana na hatari. Lakini piga hesabu ya ndani ya jokofu la lita 100: huko gramu 5 zinatosha. Ndiyo maana watengenezaji huondoa au kuziba kila kitu kinachoweza kutoa cheche ndani ya kabati. Nimeona mafundi wakitundika taa ndani au kubadilisha thamostati kwa yoyote iliyopo dukani. Kwenye jokofu la R600a hilo ni kosa la hatari kuliko gesi yenyewe. Kumbuka pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Jiko la mkaa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, lisiwepo siku ya kazi.

Namna ya kutengeneza: fungua madirisha, toa gesi iliyobaki kwa mpira hadi nje, kisha pitisha naitrojeni kwenye mfumo kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea. Kama unapata viungio vya kubana, tumia hivyo, usichome kabisa. Badilisha draya (kichujio kinachonasa unyevu) bila kujadili. Upande wa kuvuta wa R600a unafanya kazi chini ya mgandamizo wa hewa, kwa hiyo tundu likiwa upande huo jokofu limekuwa likivuta hewa na unyevu ndani, si kutoa gesi tu. Vuta vakyumu vizuri, yaani toa hewa yote kwenye mfumo, kisha jaza kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Geji ya mgandamizo haikufai hapa: kwenye gramu 60, gesi inayobaki ndani ya mpira peke yake inakuvurugia kipimo. Likishawaka, liache tupu na kipimajoto cha kurekodi kwa siku mbili. Likae kati ya nyuzi +2 na +8 muda wote, na usihofie joto kupanda tu: chanjo ya homa ya ini B huganda karibu na nyuzi -0.5, na ikiganda imeharibika.

Kwa majokofu mapya, chagua ya R600a au R290 (propani ya majokofu), kutoka kwenye orodha ya vifaa vilivyothibitishwa na Shirika la Afya Duniani. R134a haiharibu ozoni kama ilivyokuwa R12, gesi ya majokofu ya zamani, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto mara 1,430 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R600a ni kama mara 3. Chini ya makubaliano ya Kigali ya 2016, nchi nyingi zinazoendelea zilianza kuweka ukomo wa gesi za aina ya R134a mwaka 2024, na kuzipunguza kunaanza 2029. Jokofu utakalonunua leo litakuwa bado linafanya kazi wakati huo.

Na kwenye oda hiyohiyo andika mtungi mdogo wa R600a, draya za akiba, mizani ya gramu na siku chache za mafunzo kwako na mwenzako. Mtoa huduma akisema hivyo haviuzwi pamoja na jokofu, tafuta mwingine.